Shikamoo Niliyoitoa Msituni Mbizi

Shule niliiacha darasa la tano, lakini udadisi haujaniacha. Majuzi nikiwa Sumbawanga nilisikia kwamba mbega wekundu wanaishi kwenye msitu wa milima ya Mbizi, nikakosa usingizi. Jirani yangu wa mtaa wa Katandala akanionya, "Chukua kibali, mshikaji. Wakikukamata huko bila kibali, unalala ndani."

Sikuchukua. Nilipandia njia ya nyuma asubuhi na mapema.

Ndugu zangu, humo ni kama kutembea usingizini. Ukungu ulipita polepole kati ya miti, ndevu za kijani zikining'inia matawini, na mbega wakaruka juu yangu kimya kama mawazo. Nilisahau kama nina miguu.

Ndipo nikamwona mlinzi wa msitu. Alisimama mbele yangu ukunguni, koti refu la mvua, kofia imefunika uso. Hakutikisika.

Nilipiga magoti, nikapiga makofi taratibu kama Wafipa wanavyowaamkia wakubwa. "Shikamoo, mzee."

Kimya. Nikajua amekasirika, basi nikamwaga yote: sina kibali, nimepita nyuma, na uyoga niliouchuma umo mfukoni. "Nihurumie, baba. Nisilale ndani."

Upepo ukavuma. Mzee akafunguka kifua, na ndani nikaona mti mkavu tu.

Nyuma yangu, mama mmoja mwenye sare ya walinzi wa msitu alikuwa ameketi juu ya jiwe, anakunywa uji.

"Endelea, mwanangu," alisema. "Nimelianika koti langu likauke, lakini linakusikiliza vizuri."