Mbege, Kifarasi Aliyenunuliwa Mara Mbili

Elinaza hajui kukaa. Nasema hivyo kwa sababu mimi ni mtani wake, na mtani ana ruhusa ya kusema, lakini hata mkewe atakuambia hivyo hivyo. Ugali anaula akiwa amesimama jikoni. Ukimkaribisha kwako havui koti. Kazini kwake, uwanja wa ndege, wapakiaji wenzake hukimbilia viti saa ya mapumziko. Yeye hulizunguka gari la mizigo akikagua matairi kana kwamba atalinunua. Nilimfahamu mwaka 2003 huku ughaibuni, akikaa Dixon Road ghorofa ya nane, na tangu hapo ameshauza simu za mtumba, vitenge, marashi na viti vya kukunja. Yeye ni Mchaga wa Machame, mimi Mpare wa Usangi. Mimi humwambia kwamba Mchaga akikuta maiti ameshika noti atamwamsha amuulize kama ana chenji. Yeye hunijibu kwamba Mpare akiangusha senti kumi ataishitaki sakafu. Tumezoeana.

Mahali pekee nilipomwona ametulia ni kwenye mnada wa kanisani. Ibada yetu ya Kiswahili huwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, North York, kwenye kanisa tunalokodi, na baada ya ibada tunanadi sadaka za vitu kama nyumbani: trei ya mayai, keki, mkungu wa ndizi. Mnadishaji ni Elinaza. Mwaka mmoja aliuza kabichi moja kwa dola themanini. Si kwamba kabichi ilikuwa na maajabu. Mtu akishainunua, Elinaza humuuliza mbele ya watu wote, "Unachukua au unarudisha?" Naye, kwa kumpenda Mungu kidogo na kujionyesha kidogo, hujibu, "Narudisha," kabichi inanadiwa upya. Na kitu kikikwama kwenye bei ya chini, lazima mtu ajitokeze kukichangamsha, apandishe dau hata kama hana haja nacho. Hiyo ni heshima. Mwishowe kabichi inaishia kwa mama mjane, na hakuna aliyepoteza kitu.

Desturi hiyo naipenda, na ndiyo iliyoniponza.

Mwaka 2005 Elinaza alisikia kazini habari za vifarasi, wale farasi wadogo ambao mgongo wao hufika kiunoni mwa mtu mzima. Wazungu walikuwa wakiwagombania. Mtoto mmoja tu, akiwa na cheti cha ukoo, aliuzwa kwa bei ya gari zuri la mtumba. Hakulala wiki nzima. Akanunua dume moja na jike moja, akawapangishia zizi kwa mama mmoja wa Kizungu mwenye shamba kaskazini mwa jiji, mwendo wa saa nzima. Jike alikuwa na jina refu la Kiingereza kwenye cheti. Elinaza alimwita Mbege, kama pombe ya ndizi ya kwao, maana alikuwa wa kahawia na usoni ana weupe kama povu. Nilimuuliza kama atakuja kumpanda. Akasema mpumbavu hupanda mtaji wake.

Miaka mitatu Mbege alizaa, na Elinaza alizidi kukosa kituo. Akitoka zamu alfajiri anakwenda shamba, akitoka shamba anarudi zamu. Kisha mwaka 2008 fedha za dunia zikaharibika, na watu waliokuwa wakinunua vifarasi kwa mapambo wakakumbuka kwamba vifarasi nao wanakula. Bei ikashuka, ikaendelea kushuka. Waliokuwa wakiuza kwa maelfu wakawa wanatangaza kuwatoa bure. Elinaza akabaki na vifarasi saba na marobota ya majani makavu ambayo bei yake haikushuka hata kidogo. Kizuri chajiuza, alizoea kusema. Sasa akawa anawatembeza kila shamba kutafuta mnunuzi, nami sikumkumbusha sehemu ya pili ya methali hiyo. Hata utani una mipaka.

Asumpta, mkewe, hakugomba. Ni mtu wa Kibosho, anahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kulelea, na maneno yake ni machache. Mwaka 2011, mwanzoni mwa Oktoba, alisema tu kwamba baridi hiyo hatanunua majani ya mnyama yeyote. Mwezi huo huo yule mama mwenye shamba akauza shamba lake, akataka zizi liwe wazi kabla mwezi haujaisha. Elinaza akahangaika huku na huko na kuwagawa sita kwa bei ya kutupa. Akabaki Mbege. Alikuwa amezeeka, hazai tena, na mguu mmoja wa nyuma aliuvuta asubuhi za baridi. Jumamosi ya mwisho ya mwezi tukamwingiza kwenye trela ya kuazima, tukampeleka mnadani.

Njiani Elinaza alinieleza kilichokuwa kinamnyima usingizi. Kwenye mnada ule kulikuwa na bwana mmoja anayenunua wanyama wasio na mtu wa kuwataka. Anawajaza kwenye lori, na lori linakwenda machinjioni. Mimi si mtu wa kulilia nyama, na Elinaza kila Krismasi huchinja mbuzi kwa mkono wake. Lakini Mbege alikuwa na jina, alikuja akiitwa.

"Nimpate mtu mwenye zizi tu," akasema. "Bei yoyote. Hata dola kumi."

Hilo nililisikia vizuri. Sina pa kujificha.

Mlangoni karani alikuwa akiandikisha watu na kuwapa kadi zenye namba, ile unayoinua ukitaka kununua. Nilichukua yangu kwa sababu ilikuwa ya bure. Kisha nikapanga foleni ya kahawa, na foleni ilikuwa ndefu. Nikiwa huko, kumbe mama mmoja mwenye mvi na buti nyekundu za mpira amefika kwenye zizi la Mbege. Alimfungua mdomo akatazama meno, akamshika ule mguu, akauliza anakula nini. Ana punda kipofu, alimwambia Elinaza, na mwenzake wa punda huyo amekufa, sasa hali chakula vizuri. Alitaka mnyama mdogo, mzee, mpole, wa kukaa naye. Elinaza alisema baadaye kwamba alitaka kumkumbatia. Haya yote mimi sikuyajua. Niliporudi na kahawa zangu mbili Elinaza alikuwa ameshaitwa, yuko uwanjani ameshika kamba ya Mbege, nami nikakaa juu kwenye mabenchi.

Mnadishaji wao alizungumza kwa kasi ya cherehani. Watu walikaa kimya, mikono mapajani, kama waliokuja msibani. Hakuna aliyecheka wala kupiga vigelegele. Bei ikaanza dola ishirini. Yule mama akainua kadi. Bwana mmoja mwenye kofia ya kijani akainua kidole, thelathini. Mama, arobaini. Kofia ya kijani akatazama pembeni. Ikakwama pale pale. Nikamwona Elinaza chini kule, mabega yameshuka, miaka sita ya mbio inauzwa kwa dola arobaini, na roho ikaniuma kwelikweli. Kitu kimekwama, nikajiambia, na ndugu wa mwenye kitu nipo. Nikainua kadi.

Mama akapanda. Nikapanda. Yule mama anazo, niliwaza, buti zake mpya. Elinaza alinitazama akatikisa kichwa, nikadhani anaona haya. Akatikisa tena kwa nguvu, nikadhani ananitania. Nikamtabasamia, nikapandisha. Tulipofika mia moja na hamsini mama aliinamisha kichwa, akaiweka kadi yake mapajani. Nyundo ikagonga. Mnadishaji akasoma namba yangu.

Nikasimama. Sijui niseme nini zaidi ya hapo. Mdomo ulijiendea wenyewe. Nilisema kwa sauti ya kanisani, kwa Kiingereza, kwamba ninarudisha, wamuuze tena.

Watu ambao hawakucheka asubuhi nzima walicheka hapo. Karani akaniita mezani, akanieleza taratibu kama mtu anayezungumza na mgonjwa: kama sitaki kulipa, mnyama atarudi uwanjani mwisho wa siku, na nisirudie. Tulipomaliza naye, Elinaza alikuwa ameshatoka mbio kumfuata yule mama, akimvuta Mbege nyuma yake, Mbege na ule mguu wake. Niliwakuta kwenye maegesho. Yule mama alikuwa amenunua kifarasi aliyefuata baada ya wetu, kampakia, kaondoka. Tulilitazama pengo la gari lake kwenye matope.

Hapo ndipo aliponiambia habari za punda.

Nilitaka anitukane. Kwa utani tuna matusi ya kutosha wiki nzima, ningeyapokea yote. Hakunitukana. Alimzungusha Mbege maegesho yote, akarudi, akazunguka tena, nami nyuma yao na kahawa mkononi imeshapoa. Ilikuwa saa sita. Mwisho wa siku ulikuwa saa kumi. Kila tulipopita mlangoni tulimwona yule bwana wa kofia ya kijani, kumbe ndiye mwenye lori, naye alitusalimu kwa adabu. Alikuwa na subira. Kazi yake ni kungoja mwisho wa siku.

Nilimwambia Elinaza nimekosa, nilitaka kumsaidia. Akasimama, mara ya kwanza tangu aanze kuzunguka.

"Mpare," akasema, "kanisani kitu kikirudishwa kinarudi kwetu. Hapa kinarudi kwa nani?"

Nilipiga simu kwa kila mtu niliyemjua. Félicien, Mkongo mwenye gereji Mississauga, alifikiri nina homa. Wengine walicheka wakauliza kama farasi anaingia kwenye lifti. Kadiri saa zilivyokwenda ndivyo nilivyozidi kupiga hesabu za nani mwingine amchukue, na katika hesabu zote hizo, nakiri, sikujiweka mimi. Mimi nina chumba na sebule. Mimi sina shida na farasi. Nilikuja kusindikiza.

Saa kumi kasoro wakamwita. Mabenchi yalikuwa karibu matupu. Mbege aliingia akiuvuta mguu, maana tulikuwa tumemtembeza mno, na Elinaza hakuinua uso. Mnadishaji akaomba hamsini, akaomba thelathini, akaomba ishirini. Kofia ya kijani akainua kidole bila haraka. Mtu wa kumpinga hakuwepo, na mnadishaji akaanza kuhesabu, mara ya kwanza, mara ya pili, kama vile Elinaza anavyohesabu kabichi.

Nikainua kadi.

Bwana yule aligeuka akanitazama. Akapandisha, nikapandisha. Mkono sikuushusha kabisa, niliuacha juu juu hivyo, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kutoka darasani. Kwenye sabini akacheka kidogo, akaichomeka kalamu yake mfukoni.

Mnadishaji hakugonga nyundo. Alivua miwani, akaniuliza kutoka kule juu, mbele ya wote waliobaki, kama safari hii ninamchukua au ninamrudisha tena.

"Namchukua," nikasema. Nilisema kwa Kiswahili. Alielewa.

Elinaza akaketi. Aliketi chini, kwenye maranda ya mbao, katikati ya uwanja, kamba mkononi, na mtu mmoja akaja kumwinua akidhani ameanguka. Tulipofika kwenye trela ndipo aliponitazama usoni. Macho yalikuwa mekundu.

"Hata huruma, Mpare," akasema, "ni lazima uinunue kwa punguzo."

Sasa nilikuwa na farasi na sina zizi. Nikamkumbuka mfugaji mmoja wa Caledon, ambaye watu wetu hununua kwake mbuzi wa sikukuu. Nilimpigia tukiwa bado barabarani. Akasema nimlete, ila chakula ni juu yangu. Mbege akaishi kwa mbuzi. Mwezi wa kwanza alikuwa akitembea kando ya uzio kuanzia asubuhi, anakwenda na kurudi, na mfugaji aliniuliza kama hana ugonjwa. Mimi nilimfikiria yule punda kipofu. Mbege angekuwa na mwenzake wa kudumu. Kwangu, kila Krismasi na kila Idi wenzake walikuwa wakipungua, wanaletwa wapya, anaanza kuzoea upya. Hilo nililifanya mimi, na kulipa majani kila mwezi hakukuliondoa.

Kila Jumamosi tulikwenda pamoja. Asumpta alijua habari hiyo wiki ile ile ya mnada. Alisema yeye aliapa hatanunua majani, hakuapa Mpare hatanunua. Elinaza alikuwa akigeuza ndoo, anaikalia, anamchana Mbege manyoya. Saa nzima ameketi. Nilikuwa ninajifanya nakagua uzio ili nisimkatize.

Mbege alikufa Februari 2015, usingizini, kwenye theluji nyingi. Mfugaji alitupigia simu, tukaenda.

Jumapili ya kwanza ya Machi kulikuwa na mnada kama kawaida. Nilinunua trei ya mayai. Elinaza huuliza kila mtu, mchungaji, wageni, watoto waliopewa dola mbili na mama zao: unachukua au unarudisha? Alifika kwangu, akaniwekea mayai mikononi, akaenda kwenye kitu kinachofuata. Mpaka leo anawauliza wote. Mimi haniulizi.