Maswali Mawili kwa Mama

Mwaka ule nilirudi likizoni nyumbani Kamembe, kando ya ziwa, nikiwa naandika tasnifu ya hisabati kuhusu jinsi watu wanavyoamua. Nilitumia hesabu za kwantamu, zilizobuniwa kwa ajili ya chembe ndogo kuliko atomu. Hesabu tulizozoea huchukulia kwamba jibu limeshakaa kichwani, linangoja kuulizwa. Hizi zinakubali kwamba swali lenyewe huliumba jibu, na ukibadili mpangilio wa maswali, majibu nayo hubadilika.

Mama, mjane aliyekuwa akiuza vitenge sokoni, alikulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Dada yangu alitaka ahamie kwake Kigali. Asubuhi moja, Mama akichambua maharage barazani, nilimuuliza kwanza kama anaikumbuka Bukavu. Akanisimulia nyumba ya baba yake, na mkate wa moto waliotumwa kununua kabla ya shule. Ndipo nikamuuliza kuhusu Kigali.

"Niende kufanya nini kule? Hapa angalau naona ziwa."

Nilimpigia dada simu. Akashtuka. "Juzi alikubali! Nimeshanunua kitanda."

"Ulimuuliza nini kwanza?"

"Habari ya goti lake, kama bado linamsumbua."

Nilicheka, nikarudi kwa Mama na kumweleza, kwa majivuno ya msomi, kwamba ana majibu mawili. Hakucheka.

"Mi siko mwongo. Yote mbili nilisema kweli. Mbele muniulize, jibu haikukuwa."

Niliona aibu. Alikuwa amelisema kwa pumzi moja jambo nililolijazia kurasa, kwamba kabla ya swali jibu halikuwapo, na sote wawili tulikuwa tumemuuliza kwa kujipendelea: mimi nilitaka nyumba ya kurudia, dada alitaka kutulia moyo.

Dada alipokuja, tulikubaliana tusimuulize tena. Siku ya tatu Mama mwenyewe akasema twende Bukavu. Tulivuka daraja la mto Rusizi, mpakani, kwa miguu, yeye akimshika dada mkono kwa ajili ya goti. Nyumba ya babu ilikuwa na wenyewe wapya, wakatukaribisha chai. Mama aliugusa ukuta, akashukuru, tukaondoka.

Darajani alisimama. "Nitaenda Kigali. Munipe muda vitenge viishe."

Siku ya kuhama alichagua kiti cha dirishani kwenye basi. Alilitazama ziwa mpaka likapotea, akasema maji yake ni mazuri, kisha akalala kabla hatujauingia msitu wa Nyungwe. Kichwa chake kilikuwa begani kwangu, kinanukia kitenge kipya.