Kata ya Kwanza

Mpaka leo, nikinusa kimea cha mtama kimeanikwa juani, mdomo wangu hujaa ladha ya damu.

Mama aliuza pombe mnadani, njia ya Kiomboi. Kabla ya kumpa mteja kata, kile kibuyu cha kuchotea, alikunywa yeye kwanza, mbele ya macho ya mteja, ajue haina sumu. Mke wa jumbe, mkuu wa kijiji chetu, naye aliuza jirani yetu. Pombe yake ilikuwa tamu kuliko yetu, nasema kweli, lakini yeye alimimina tu bila kuonja. Mke wa jumbe awaonjee wachunga ng'ombe? Mitungi yake ikawa inarudi nyumbani imejaa.

Siku hiyo tarishi wa jumbe alikuja na rungu. Hakuuliza kitu. Alipasua mtungi wa kwanza, akapasua wa pili, pombe ikatulowesha miguu. Wanaume waliokuwa wameleta ng'ombe kuuza, wapate pesa ya kodi ya Mwingereza, walirudi nyuma. Kisha akamtandika mama rungu la mdomo.

"Haya, onja sasa! Utaonja kwa mdomo gani?"

Mama alitema jino mchangani. Akatambaa hadi kwenye mtungi uliosalia, akachota, akanywa. Damu ikachuruzika ndani ya kata. Akamnyooshea mzee aliyekuwa karibu.

"Karibu, baba."

Mzee aliitazama ile damu, akamtazama tarishi. Akapokea kata kwa mikono miwili, akainywa yote.

Pale jirani, mke wa jumbe alichota haraka, akaonja mbele za watu. Hakuna aliyegeuka kumtazama.