Kashe juu ya mnyoo

Leo asubuhi nimeombwa kupiga kashe, yaani muhuri wa redio yetu, juu ya mnyoo.

Mimi ni mtangazaji, na nilikuwa nimesoma redioni habari ya minyoo midogo sana iliyokutwa ndani ya jiwe, katika shina la mmojawapo wa mimea ya kwanza kuota nchi kavu. Umri wake ni miaka milioni mia nne hivi.

Muda mfupi baadaye Mama Furaha alifika mlangoni. Alikimbia vita Djugu, sasa analima nyanya hapa mtaani kwetu Bigo, kwenye kiwanja alichoazimwa na mzee mmoja. Alishika mche wenye mizizi iliyojaa vinundu.

"Papa, ile minyoo ya redio, haiko pia humu ndani?"

Jirani yetu mwagronomu, mtaalamu wa kilimo, alipasua kinundu. Ndiyo, jamaa za minyoo ile wamo.

"Basi andika! Muzee wa kiwanja anasema ni siye wakimbizi tulileta ugonjwa mu udongo yake. Kesho anatufukuza. Andika, piga na kashe."

Mnajua karatasi bila kashe hapa kwetu: si kitu. Niliandika ninachokijua tu: ukoo wa minyoo hii ulitangulia watu wote. Nikapiga kashe, tukampelekea Muzee.

Alisoma, akakagua kashe kuliko maneno. Kisha akang'oa bilinganya yake mwenyewe, upande ambao Mama hajawahi kulima.

Vinundu vilevile.



"Mama, bakia," akasema. "Lakini karatasi ninabaki nayo. Nitaionyesha ule aliniuzia kiwanja na ugonjwa ndani."

Niambieni: huyo muuzaji akija kwangu na maswali, nimjibu nini?