Siku ya Mapumziko ya Mwenyekiti Mpya

Nilikabidhiwa uenyekiti wa chama cha marubani nikiwa nimeshachoka. Ulikuwa msimu wa watalii, na wiki nzima nilikuwa nazunguka Dar, Iringa, hifadhini na Mbeya, kisha naanza upya. Siku mbili nilizopewa kupumzika ndizo chama kilizochagua kwa ajili ya makabidhiano, na makabidhiano yalikuwa Iringa. Nikatoka nyumbani Mbeya na gari langu, sare imening'inia nyuma, nikaifuata barabara ya malori.

Niseme mapema mimi ni nani. Wako marubani waliosomeshwa na baba zao, na wako waliosomeshwa na serikali. Mimi nilijisomesha. Nilizaliwa Mwanjelwa, palepale Mbeya, mama akiuza dagaa sokoni, na nilipomaliza shule niliondoka kwa lori kupitia Tunduma, nikashuka nchi baada ya nchi mpaka kusini kabisa. Huko niliosha ndege za watu. Nilisugua matumbo ya ndege kwa brashi hadi kucha zikalainika, na kwa mshahara huo nikalipia stashahada ya urubani. Stashahada hiyo ipo sebuleni kwangu, juu ya televisheni, na hakuna mgeni aliyewahi kuondoka bila kuiona. Wengi niliokuwa nao huko hawajarudi hadi leo. Mimi nilirudi, nikajenga, nikanunua gari bila mkopo, na kampuni yetu ikijikuta haina rubani wa kumtegemea, jina la kwanza kutajwa ni langu. Sikuwahi kukataa safari. Nadhani ndiyo maana wenzangu walinichagua. Walitaka mtu ambaye ofisi haiwezi kumwita mvivu.

Ukumbi ulikuwa Mlandege. Akina mama wa mtaani pale walitupikia pilau ambayo harufu yake ilimaliza hotuba mapema. Mwenyekiti aliyekuwa anaondoka ni Mhehe, mrefu, Mlutheri wa kuimba besi kanisani, na alipoitwa kunikaribisha hakuacha utani. Alisema watu wa Tukuyu wakishiba ndizi tu hujiona wamepanda ndege, sasa huyu kapanda kweli, tutapumua wapi? Watu wakacheka. Nami nikajibu kwamba wazazi ndio wa Tukuyu, mimi ni wa Mwanjelwa, na kwamba chama sasa kimepata rubani anayejua kutua. Wakacheka tena, ila kwa uchovu. Niliangalia meza zile nikaona nusu ya ukumbi wameegemeza vichwa kwenye viganja.

Baada ya chakula alinivuta pembeni akanipa kisimu kidogo cha batani. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, alisema, hayo mengine ni viti. Katika chama chetu rubani anayejiona hafai kurusha hagombani na ofisi mwenyewe. Anapiga simu ile, anasema hayuko sawa, na mwenyekiti ndiye anayewakabili mabosi.

"Na usimuulize amechokaje," aliniambia. "Ukishamuuliza hivyo, umekuwa ofisi."

Nilimwambia nimeelewa. Aliondoka pale akitembea kama mtu aliyetua gunia la mahindi.

Usiku huo sikulala vya kutosha. Wanachama walikaa chumbani kwangu hotelini, kila mmoja na lake, mmoja kuhusu posho, mwingine kuhusu godoro la nyumba ya marubani kule hifadhini. Nilisikiliza wote, maana ukitaka heshima ya cheo ubebe na kelele zake. Alfajiri nikaondoka. Kutoka Mafinga mpaka Makambako nilikuwa nyuma ya malori ya mbao, na kuanzia Igawa nilikuwa nyuma ya kila kitu kingine. Kuna sehemu ya barabara, kati ya Chimala na Uyole, ambayo siikumbuki kabisa. Najua niliipita kwa sababu nilifika Uyole.

Hapo Uyole kisimu kikaita. Niliegesha gari kando ya wauza viazi nikapokea.

Alikuwa rubani mwenzangu wa kampuni ileile, binti wa Iringa, mzuri kazini, na bado yuko kwenye miezi ya majaribio. Yuko uwanjani Songwe, abiria wapo, ndege ipo, anatakiwa kuwapeleka Dar. Aliniamkia kwa adabu, akanipa pongezi za cheo, kisha akasema hayuko sawa kurusha.

Nikamuuliza, "Umechokaje?"

Lilinitoka lenyewe. Nyuma yake nilisikia mtoto wa abiria analia.

"Nimesoma kipimo cha mafuta, mwenyekiti," akasema. "Nikageuka kuandika, sikumbuki nimesoma nini. Nikarudi kusoma. Nikageuka, ikawa vilevile."

Nilimwambia akae, nitaongea nao. Nikampigia meneja wa kituo. Huyu tumekua wote Mwanjelwa, ukoo wao ni wafanyabiashara waliopanda kutoka pwani zamani, na anajua kumsemesha mtu. Nilijiandaa kwa ubishi, lakini hakubisha. Alifurahi.

Akaniuliza niko wapi, nikamwambia. Akaniuliza kama sare ninayo, nikamwambia ninayo. Akasema mambo yamekwisha basi, binti apumzike, abiria wasafiri, na mimi nipitilize moja kwa moja uwanjani kwa sababu kwenye ratiba nina siku mbili za mapumziko, hivyo hakuna aliyepumzika kama mimi. "Wewe ndiye mtu wangu, Kapteni," alisema. "Ningemwita nani mwingine?"

Nakiri maneno hayo yalinipendeza. Nilikatiza mji, nikapita Mbalizi, na njiani nilijiona kiongozi hodari: siku ya kwanza tu, tatizo limeletwa na tatizo limeondoka, hakuna aliyeumia. Nilibadili nguo kwenye choo cha uwanja. Nikafunga tai mbele ya kioo, nikaifungua, nikaifunga tena kwa sababu ilikuwa imepinda, na ilipopinda mara ya pili nikaiacha.

Yule binti alikuwa kwenye chumba cha marubani, amevua viatu, miguu juu ya begi lake. Aliponiona na sare alisimama. Hakuonyesha hasira. Alionekana mtu anayepiga hesabu.

"Unairusha wewe?"

Nikamwambia ndiyo, yeye alale, asijali kitu.

Akaniambia meneja ameshapita pale. Amesema saa ambazo binti anaruhusiwa kuruka zilikuwa hazijaisha, kwa hiyo atamwandikia kuwa amekataa kazi ambayo mwenzake ameiweza, na mtu wa majaribio akiandikiwa hivyo hapewi mkataba. Nikasema nitaongea na meneja, ni mtu wa nyumbani.

"Utaongea naye nini, kaka?" aliuliza, na safari hii hakuniita mwenyekiti. "Wewe umetoka Iringa kwa gari leo. Ukiirusha, basi mimi nilikuwa mvivu tu."

Nilitoka nikaenda kuizunguka ndege, kama tunavyofanya kila safari, kuanzia mlango wa rubani, bawa, mkia, bawa la pili, hadi propela. Kazi hiyo naijua kuliko maombi ya kabla ya kula. Nilipofika kwenye propela nikajiuliza kama magurudumu ya nyuma nimeyaangalia. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba nimeyaangalia. Kisha nikajikuta nimesimama pale nimeshika ubapa wa propela, nasikiliza upepo wa Songwe, na ile barabara ya Chimala ikanijia, yaani haikunijia, na hilo ndilo lililonitisha.

Meneja alikuja hadi pale akaniuliza kama aanze kuwapandisha abiria. Nikamwambia hapana.

"Hapana nini?"

"Sirushi. Na mimi nimechoka."

Alinitazama kama nimemwambia nimebadili dini. Akasema ratiba inasema nimepumzika. Nikasema ratiba haikuwa nyuma ya malori ya mbao. Akaniuliza nimechokaje, na nikajua mara moja jinsi swali lile linavyouma ukiwa upande wa pili. Nikamwambia safari haina rubani, wa kwanza hafai na wa pili hafai, na aandike hivyo kwa wote wawili. Akitaka kumwandikia yule binti kukataa kazi, aanze na jina langu. Aliondoka na simu sikioni bila kuniaga.

Abiria walipotangaziwa, mama mmoja mfanyabiashara wa mchele, mwenye kanga mabegani juu ya sweta, alinifuata hadi mlangoni. Mdogo wake alikuwa amelazwa Dar, alitaka kumwona jioni ile. "Umevaa ukapendeza hivyo, baba," aliniambia, "halafu hutupeleki. Sasa umevaa kwa ajili ya nani?" Nikasema pole, nikarudia, naye akaitazama tai yangu akaondoka kutafuta basi la usiku.

Nilirudi kwenye chumba cha marubani. Yule binti alikuwa amelala kwenye benchi, mkono mmoja umening'inia hadi sakafuni, mdomo wazi. Alikuwa hajajua bado kwamba nami nimekataa. Nilivuta kiti cha plastiki nikakiweka nje ya mlango, nikakaa, mgongo ukilia.

Meneja alirudi jua likiwa limeshashuka upande wa Mbozi. Makao makuu wameahirisha safari mpaka asubuhi, alisema, na imeandikwa uchovu, kwa yule binti na kwangu, hakuna neno la kukataa kazi. Ila walikuwa na maswali, na mengi yalikuwa juu yangu. Kisha akataka kuingia ndani amwambie yule binti mwenyewe.

"Amelala," nikasema.

"Ni dakika tu, Kapteni."

Sikunyanyuka kwenye kiti. Nilimwambia ashushe sauti, na hayo maswali aniulize mimi hapohapo nje.