Nyusi za Ba

Mama yangu alikuwa na macho mawili kama watu wote, lakini moja lilikuwa la kuonea na jingine la kutusemea sisi wanawe. Wageni wakija nyumbani kwetu Tanga, hatukukatazwa kitu kwa mdomo hata siku moja. Mgeni atasema, "Njoo mwanangu, chukua andazi," nami kabla sijanyoosha mkono ninamtazama mama. Akiwa anaangalia sakafuni, chukua. Akiwa ananitazama mimi, thubutu! Nitasema nimeshiba, ahsante, huku mate yananijaa mdomoni. Akikohoa mara moja, nenda jikoni kachochee moto. Akikohoa mara mbili, umekaa vibaya, funika magoti. Mgeni anaondoka akisifu, "Watoto wako wana adabu," na mama anaitikia kwa upole, "Ah, ni Mungu tu." Mungu na jicho lile.

Nilijaribu kulihamishia jicho hilo huku London, Tottenham, nikashindwa. Kwenye arusi moja, binti yangu, wakati huo ana miaka saba, alinyoosha mkono kuchukua soda ya tatu. Nikamtolea jicho la mama yangu lote, bila kupunguza. Akanitazama kwa huruma, akaniuliza kwa Kiingereza mbele ya meza nzima, "Mama, jicho lako lina nini? Linauma?" Watu walicheka mpaka mmoja akapaliwa na pilau. Siku nyingine akawa ananionyesha urefu wa mdogo wa rafiki yake, kiganja amekilaza kama anayepima mbuzi. Nikamshika mkono, nikamsimamishia vidole viangalie juu. "Binadamu hupimwa hivi. Ukilaza kiganja umemfanya mnyama." Akasema sawa Mama, kwa sauti ya mtu anayemvumilia mgonjwa. Kiswahili anakielewa chote, hajibu hata neno moja, na hayo ya macho na mikono hayajui kabisa. Simlaumu, lakini nilikuwa mpweke ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Mwaka ule nilipewa mama mmoja wa Kihindi huko Kingsbury, nyuma ya maduka ya Wagujarati. Kila asubuhi nilipanda treni ya Victoria mpaka Green Park, nikabadili nikapanda ya Jubilee. Kwenye karatasi ya kazi waliandika kwamba alipata kiharusi, mkono wa kulia umekufa ganzi, anatembea kwa kushikilia fremu, lugha yake ni Kigujarati na hawezi kusema. Watu wote walimwita Ba, yaani mama kwa lugha yao, nami nikamwita hivyo hivyo. Siku ya kwanza nilifanya kama wanavyofanya wote: nikamsemesha Kiingereza kwa sauti ya juu, kana kwamba kiharusi kilimpiga masikio. Hakunigeukia. Nikaenda kumtengenezea chai, kikombe kikaniponyoka, kikavunjika vipande vipande.

"Salaale!" nikasema.

Nyuma yangu nikasikia msonyo. Tena si msonyo wa kubahatisha. Ulikuwa mrefu, wa nyumbani kabisa, ule unaoanza kwenye meno ya mwenzio na kuishia kwenye heshima yako. Nikageuka na vipande mkononi.

"Ba, kumbe unajua Kiswahili?"

Akapandisha nyusi. Juu, chini, mara moja tu. Kwetu hiyo ni ndiyo, na mtoto wa miaka miwili anaijua. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikacheka peke yangu kama mwehu, na yeye mabega yakawa yanamtikisika.

Mwanawe alinieleza baadaye kwamba mama yake ni mzaliwa wa Mwanza, alikulia dukani kwa baba yake, na Kiswahili alikuwa akikisema vizuri kuliko hata majirani, na Kiingereza nacho anakielewa. Yeye mwenyewe aliletwa Uingereza akiwa bado anabebwa. Ana duka la dawa Rayners Lane, nyumba ya ngazi nyingi, mke na watoto, na kila Jumapili alikuja na vyakula vya wiki. Alimpenda mama yake, hilo sasa nalijua. Wakati ule nilimwona mtu wa haraka tu, funguo za gari haziachi mkono.

Basi tukaanza kuishi, mimi na Ba, kwa muda wa saa moja asubuhi na muda wa saa moja jioni. Sikuwahi kuisikia sauti yake, lakini sikumbuki siku tuliyokosa mazungumzo. Mchele uko wapi? Anachongoa midomo kuelekea kabati la juu. Kuna tangawizi? Anageuza kiganja cha kushoto, vidole vimeachana: hakuna. Nikimsimulia vituko vya Tottenham, mchungaji fulani aliyegombana na kipaza sauti, jirani yangu anayemsusia mumewe kwa kupika chakula kizuri na kukila mwenyewe, Ba anapiga paja kwa mkono wake mzima. Nikitia pilipili kidogo, anatazama sufuria, ananitazama mimi, tena sufuria. Haya Ba, nimekusikia!

Siku moja jirani alileta sahani ya vitamu vya sikukuu yao. Akaniambia karibu, nami nikanyoosha mkono. Sijui kwa nini nilimtazama Ba kwanza. Alikuwa ananitazama. Mkono wangu ukarudi wenyewe, mkono wa mtu mzima wa miaka arobaini na sita, na mdomo ukasema nimeshiba, ahsante. Jirani alipoondoka Ba akanisukumia sahani nzima, mabega yakimcheza kwa kicheko. Alikuwa ananitania! Nilicheka naye, halafu nikaenda bafuni nikafungua bomba nikalia. Mama yangu alifariki nikiwa hapa London nasubiri karatasi za ukaazi. Mazishi yake niliyasikia kwenye simu, na simu haionyeshi macho ya mtu. Tangu siku hiyo ya vitamu, nakiri, Ba hakuwa tena mgonjwa wangu. Nilikuwa nimempata mama.

Majira ya baridi yalipoingia, Ba alianguka kati ya kitanda na mlango. Hakuvunjika, ila alilala sakafuni mpaka nilipofika. Wiki iliyofuata mwanawe akaiambia ofisi ya ustawi wa jamii kwamba anaona mama yake ahamie kwenye nyumba ya wazee, huko Harrow, wanakokaa mama wa Kigujarati wengi.

Jamani, nilimchukia yule mtu. Nilimwambia jikoni, nikiwa nimeshika mwiko, "Mama yako ana nyumba yake. Ana sufuria zake. Unamtoa umpeleke wapi?"

Akasema kwa Kiingereza, taratibu, "Nadhani anataka watu."

Watu gani? Mimi si mtu? Nikamsonya. Msonyo huo aliuelewa vizuri sana. Jioni nikamfunika Ba shuka, nikamwambia, "Usijali Ba. Maadamu mimi nipo, hakuna wa kukutoa hapa." Alinitazama kwa muda mrefu. Hakupandisha nyusi wala hakugeuza kiganja. Nikaona ni shukrani imemzidi.

Ofisi ikamtuma afisa, mama wa Kiingereza mpole, mwenye viatu vya mvua. Lazima mzee aulizwe mwenyewe, ndiyo sheria, na ni sheria nzuri. Akainama mbele ya Ba. "Unanielewa?" Ba akapandisha nyusi. Afisa akadhani ameshangaa, akauliza tena polepole. Nyusi zikapanda. Akauliza mara ya tatu kwa sauti. Ba akatoa msonyo uliofika mpaka kituo cha treni, akageuzia uso dirishani. Afisa akaandika kwamba mzee hajibu, na maswali yanamfadhaisha.

"Amekujibu mara tatu!" nikasema. Nikamweleza nyusi ni nini na kiganja ni nini. Alinisikiliza vizuri, tena akaniambia jambo ambalo nisingeweza kulipinga: hawezi kuandika jibu ambalo limepitia kwangu, kwa kuwa mimi nami nina ninalolitaka. Alikuwa ameniona. Mimi sikujiona.

Usiku huo sikutulia. Asubuhi nikampigia afisa simu nikiwa njiani, nikamwomba arudi. Nikamwambia mwana wa Ba naye aje, aandike maswali kumi ambayo mimi siyajui majibu yake. Afisa atamtazama Ba mwenyewe, nyusi ni ndiyo, kiganja ni hapana, na mimi nitasimama kwenye sinki, mgongo kwao, nisiweze kumpa Ba ishara yoyote. Akipatia yote kumi, basi aulizwe lile swali. Nilikuwa na hakika ya ushindi. Hata nguo nilivaa nzuri.

Walikuja asubuhi, kabla zamu yangu haijaisha. Nilisimama nikitazama vigae vyeupe juu ya bomba. Sikuona kitu. Nilisikia swali, kisha kimya, kisha afisa akisema kwa sauti alichokisoma.

"Uliolewa ukiwa na miaka kumi na tisa?" Kimya. "Ndiyo, ahsante."

"Mumeo alikuwa mrefu kuliko wewe?" Kimya. "Hapana, ahsante." Mwanawe akacheka kidogo.

Ba alipatia yote kumi. Nilitaka kupiga vigelegele. Watu waliosema hajibu! Nikayashika makali ya sinki kwa mikono miwili.

"Unataka kuendelea kuishi hapa nyumbani kwako?"

Nilihesabu vigae vinne juu ya bomba.

"Hapana, ahsante."

Nikageuka. Nikasema amekosea, afisa amekosea, hajazoea, aulize kwa upande wa pili. Hakunikasirikia. Akamgeukia Ba, na safari hii nilikuwa ninamwona. "Unataka kwenda kukaa kule Harrow, kwenye nyumba ya wazee?"

Nyusi za Ba zilipanda mpaka karibu na nywele, zikakaa hukohuko juu.

Mwanawe alifunika uso kwa viganja. Nilikuwa nimemngoja anitazame kwa ushindi, nimrudishie, lakini alikuwa analia kimyakimya, na funguo zake ziko mezani. Afisa akakusanya karatasi, akaniambia ahsante kwa kumsaidia Ba asikike, na wote wawili wakatoka nje kuzungumza.

Nikapiga magoti mbele ya kiti chake. Niliona aibu, na nilikuwa na hasira pia, nisiseme uongo. Miezi tisa! Mimi ndiye niliyeijua lugha yake London nzima. Nilimwuliza habari za mchele, tangawizi, pilipili, usingizi, choo, Mwanza. Lile la kwamba anataka nini nililijibu mwenyewe, kwa niaba yake, kwa sauti kubwa.

"Ba," nikasema, "kwani mimi nimekukosea nini?"

Akageuza kiganja. Hakuna.

"Sasa kwa nini?"

Hilo si swali la nyusi. Akafikiri. Kisha akanishika mkono wa kushoto, akasukuma mkono wa sweta yangu mpaka saa ikaonekana, akaweka ukucha wake juu ya kioo, pale mshale unapokuwa ninapofunga mlango asubuhi. Akaanza kuuburuta, polepole, akipita saa sita ya mchana, akipita saa nane, saa tisa, mpaka pale ninapofungua mlango jioni. Akaniangalia kuona kama nimefuata. Kisha akauburuta kipande kifupi, kipande chetu cha jioni. Akatulia. Halafu akaanza duara la pili, kutoka ninapoondoka jioni, akipita usiku wote, taratibu vilevile, bila kuruka hata saa moja, na nilikaa pale magotini nikiungoja ukucha ufike asubuhi. Ulichukua muda mrefu sana.

Alipofika aliniachia mkono. Nilikuwa nimeshapitiliza dakika kumi na tano, na mzee wangu wa pili alikuwa ananisubiri kwa ajili ya dawa. Nikavaa koti, nikamwekea chupa ya chai karibu, nikafunga mlango.