Ukuta wa Papa Kasongo na Njia ya Ziwani

Mwanangu, nakumbuka asubuhi ile jirani yetu Mama Feza alipoketi ndani ya msingi niliokuwa nimechimba, beseni la vyombo mapajani, akasema hatoki.

Nilikuwa bado kijana, fundi wa matofali, nimeoa juzijuzi. Papa Kasongo, mfanyabiashara aliyetoka Nyunzu, alikuwa amenunua parseli, kiwanja kikubwa, kwenye kartie yetu, mtaa wa karibu na ziwa. Alinipa kazi ya kuizungushia ukuta mrefu, wenye vipande vya chupa juu yake. Kartie yetu haikuwa na sifa nzuri wakati ule. Mjini walipaita kwetu "Kwa Wezi", na wenye pikipiki walikataa kutufikisha jua likishazama. Lakini ukuta ule ungekata njia ya wanawake kwenda ziwani kuchota maji na kuosha vyombo. Wangelazimika kuzunguka mbali, kwenye barabara ya malori.

"Mama, nakuomba utoke," nilimwambia. "Mimi natumwa tu."

"Najua. Nenda umwite aliyekutuma."

Papa Kasongo alikuja, akasimama juu ya udongo, akamsalimu kwa heshima.

"Mama, sina ubaya na wewe. Lakini huku kuna wezi. Lazima nilinde watoto wangu."

"Mwizi gani? Unitajie jina."

Aliangalia nyumba za jirani, moja baada ya nyingine. "Sijui majina, Mama."

"Basi unaogopa nani?"

Ndipo akasema, na sauti yake ilishuka mpaka mimi nikainamisha kichwa. Wakati wa vita, huko Nyunzu, watu walikuja dukani kwake mchana kweupe. Walichoma duka, na mdogo wake alikuwa ndani. Tangu hapo hawezi kulala mahali ambapo mpita njia anaona mlango wake.

Mama Feza akaninyooshea mkono nimwinue.

"Pole sana, Papa. Hatukujua. Sasa twende."

Alituongoza nyumba kwa nyumba, mimi nyuma na udongo mikononi. "Huyu njo Mama Riziki, anakausha dagaa. Huyu mwenye macho mekundu, unayemukimbia kila asubuhi, njo Musafiri. Anavua usiku kucha, anarudi hajalala." Kwenye nyumba ya mwisho alimshika kijana mmoja bega. "Na huyu, ndiyo, aliiba kuku yangu. Chunga kuku zako."

Kijana alificha uso kwa aibu. Papa Kasongo alicheka, na sikuwa nimewahi kumwona akicheka.

Ukuta nilijenga, sikudanganyi. Nilijenga mfupi, unaofika kifuani, na Papa Kasongo mwenyewe alikata kipande cha parseli yake ili njia ibaki. Sisemi usingizi wake ulirudi wote. Ila asubuhi alianza kusimama kwa Musafiri kununua samaki, na mazungumzo yao yalikuwa marefu kuliko samaki wenyewe.

Matajiri waliokuja kununua baada yake hawakuuliza mtu. Sifa ya wezi ilipoisha, nyumba zikawa ghali, na wapangaji wakaambiwa watoke. Mama Riziki alihamia ng'ambo ya mto Lukuga, mbali na dagaa zake. Papa Kasongo alikwenda kumsemea kwa mwenye nyumba, akashindwa, akarudi amekasirika kama aliyefukuzwa yeye. Hilo bado linaniuma, mwanangu. Watu kama Mama Riziki njo walifanya kartie ile ikalike, halafu ilipokalika, wao hawakuwa na nafasi.

Sasa wewe umepata kazi ya biro, ya ofisini, umenunua parseli kule kule, na unataka nikutafutie fundi wa ukuta. Nitakutafutia. Lakini kwanza pita kwa jirani, mchana, ujitambulishe wewe ni mtoto wa nani. Ukiambiwa kuna wezi, uliza majina. Hofu yako usiionee haya. Iseme, na usikilize ya wenzako, maana nao wanakuogopa wewe mwenye pesa. Na wale wapangaji uliowakuta ndani ya parseli yako, kaa nao chini kabla ya kuleta matofali. Kama hawawezi kubaki, wasaidie kupata pa kukaa karibu na kazi yao.

Mungu akupe nyumba inayopigiwa hodi na watu wanaokupenda, na uliowakuta pale wazeeke jirani yako, wakikuombea mema. Amina.